Mafuta ya Neema

Yeoville, Jumatano, Julai 2011

Bima ya kazini kwa mume wangu imekataa kulipia mafuta ya mtoto. Dada wa kwenye simu alisema, "Hayo ni vipodozi, mama. Tunalipia dawa tu, daktari akiandika."

Vipodozi! Mashavu ya Neema yamepasuka kwa baridi hii mpaka yanatoa damu.

Leo tumempeleka kwa daktari Mkongo. Alimgeuza, akamtazama mgongoni. Kisha akasema, "Hii ni pumu ya ngozi. Nitaandika, watalipa."

Mume wangu akashusha pumzi. "Eish, afadhali!"

Mimi nilisikia neno pumu tu. Pumu ndiyo iliyomchukua kaka yangu. Nilitaka kuuliza kama huanzia kwenye ngozi, nikaogopa jibu.