Sahihi Chini ya Panya

Jumamosi jioni

Na bado watoto wa Morogoro wanampenda! Leo walipanga foleni dukani kwangu na vitabu vyao vya hadithi, mzee aliyevichora akawa anasaini tu, hata haangalii.

Mimi ndiye niliyemwalika. Zamu yangu ilipofika nikamwamkia shikamoo, nikamsogezea gazeti la zamani nililolikunja, pembe nyeupe tu ikionekana.

Ni ile katuni ya wakati wa vita vya Kagera: panya mwenye pua na kofia ya baba amekalia magunia ya sukari, askari wanakwenda vitani. Chini imeandikwa “Mhindi mlanguzi.” Mchoraji hakuweka jina, na miaka yote mzee amekana kuwa ni yeye. Baba alitemewa mate sokoni, yeye aliyewapa askari mablanketi.

“Marahaba, mwanangu. Nimwandikie nani?”

Nikamtajia jina la baba. Akaandika “Kwa upendo,” akasaini. Nikalikunjua mbele yake.

“Mama, nirudishie hiyo.”

“Sirudishi, mzee.”

Katuni nimeshaitundika mlangoni pa duka. Naogopa watoto watauliza panya huyu ni nani. Nitawaambia ni baba yangu. Jina la aliyemchora watalisoma wenyewe, lipo hapo chini yake.