Chupa Ishirini za Tikiti

Baraka, tarehe 9 mwezi wa tano 1999

Yaya Pulchérie, dada yangu mukubwa mupenzi,

Nakusalimia sana katika jina la Bwana. Kule kambi ya wakimbizi ya Kigoma, homa ya mutoto imepoa? Sisi huku tuko tu, tunashukuru kupumua. Najua mama anauliza kila siku habari ya Fabien, kitinda mimba wake. Nitafika huko.

Uliuliza kama ningali na kazi. Kazi iko, mwenye kazi haiko. Agronome Casimir, fundi wa kilimo, alikimbia vita akavuka ziwa mwezi uliopita, akaniachia ufunguo wa labo, kile chumba chetu cha kujaribia mbegu, na chupa ishirini. Unakumbuka ugonjwa ulimaliza matikiti yote ya kijiji cha Swima, tukabaki na mbegu sita. Basi tuliziotesha, tukakata majani yao machanga vipande vidogo kama kucha, tukavilaza ndani ya chupa juu ya uji wa sukari ulioganda. Yaya, utanicheka: kila kipande kilitoa muche wake, bila udongo. Hata mimi niliyevikata niliogopa kidogo.

Jumatatu bapiganaji ba hapa balikuja kutafuta sukari. Mukubwa wao, Roger, aliona miche ya kijani imesimama ndani ya chupa zilizofungwa kabisa, akainua moja kwenye mwanga. Akauliza nani analima bila udongo na bila mvua. Halafu akauliza kama ni ile dawa banayoiamini, ya kugeuza risasi kuwa maji. Mukono wake ulikuwa juu ya bunduki. Nilisema ndiyo. Banasema mudomo huponza kichwa, lakini siku ile wangu uliokoa changu.

Balichukua chupa zote. Balikula ile miche, balijipaka ule uji kifuani. Jana Roger alituma mutu kunishukuru, eti sasa habatajificha tena, batatembea wima mbele ya bunduki za adui kwenye barabara ya Lulimba.

Aliyetumwa ni Fabien wetu. Hachimbi dhahabu kama mama anavyofikiri, Yaya, alijiunga nao tangu Pasaka. Alinikumbatia, kifua chake kinanata sukari, akasema haogopi tena kitu. Nilimupikia ugali, akala, akaenda. Nilikosa kumuambia kama ile si dawa, ni sukari tu. Niliogopa atamuambia Roger.

Banaondoka leo saa kumi. Kambi yao iko nusu saa kwa miguu. Nikienda kusema ukweli, Fabien atabaki, mimi bataniua. Sasa ni saa nane na nusu, na badala ya kuvaa viatu nimekaa kukuandikia.

Umusalimie mama sana. Umuambie nilimuona Fabien, na alikula vizuri.

Mudogo wako,
Marthe