Rangi ya Gundi

Suame, Kumasi
3 Machi

Kwa mpwa wangu Afriyie,

Salamu. Kifua cha mama yako kimepona. Changu kimejaa hasira. Hujambo huko Takoradi?

Lori la mteja wetu Manu limenoki, injini imekufa kabla ya kufika Techiman, miezi miwili tu tangu tuiunde upya injini yake. Limevutwa hadi hapa, na Manu akanikaripia mbele ya mafundi wote: "Mzee, nilikuletea mgonjwa, umenirudishia maiti!" Nimefungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chujio la oili limezibwa na vipande vya gundi.

Nilikufundisha nini? Gasketi ya silinda hedi, kule juu ya injini, haipakwi kitu, inafungwa kavu. Sampu inapakwa uzi mwembamba wa gundi, unene wa njiti ya kiberiti, unangoja ishike kidogo ndipo ukaze bolti. Ukijaza, kiasi kinachofurika nje ndicho kinachofurika ndani. Ya ndani inaganda, inakatika, inaziba chujio, na beringi zinakufa kwa kiu ya oili. Lakini wewe na gundi yako nyekundu! Eti wateja wakiiona imefurika wanasema, "Hapa kazi imefanyika."

Ubao wa gereji ulisema "Ofosuhene na Mpwa". Nimekwangua "na Mpwa". Usirudi.

Mjomba wako,
Ofosuhene


Takoradi
12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, asante kwa kuniuliza hali kabla ya kunizika.

Umeandika unene wa gundi, rangi ya vipande hukuandika. Kwa nini? Silinda hedi niliifunga mimi, kavu. Siku ya sampu nilikuwa Ejisu kwenye mazishi ya bibi Pokuaa. Ulisema, "Nenda, nitaifunga mwenyewe." Na gundi yangu nyekundu ulikuwa umeshaitupa mtaroni. Yako ni ya kijivu.

Vipande hivyo vimelowa oili chafu. Vioshe kwa petroli, mbele ya mafundi hao hao waliomsikia Manu akikukaripia. Kisha uniandikie.

Mpwa wako, kama bado unaye,
Afriyie


Suame
20 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Mama yako hajambo, ila hasemi nami.

Vipande nilivitia kwenye kopo la maziwa, na kwa wiki tisa nimekuwa nikilipita kopo hilo bila kuligusa. Jana nilimimina petroli, mafundi wakitazama. Kijivu. Vyote. Hakuna aliyecheka, heri wangecheka.

Mkono wangu unatetemeka, Afriyie. Uzi mwembamba siuwezi tena, kwa hiyo nilijaza ili nisikosee. Ndiyo, nilijua kosa ni langu tangu niliposoma barua yako.

Mwisho wa mwezi mchoraji atarudisha "na Mpwa". Rudi, tafadhali.

Mjomba wako,
Ofosuhene


Takoradi
27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hasira bado ninayo, wala usinifundishe namna ya kuipoza.

Nakuja Jumatatu. Injini ya Manu nitaifungua mimi na sampu nitaifunga mimi. Wewe utakaa kwenye benchi. Kuongea unaruhusiwa, najua kunyamaza huwezi.

Mwambie mchoraji aufute ubao wote, aandike: "Afriyie na Mjomba". Akiandika vingine, nitakwangua mwenyewe.

Mpwa wako,
Afriyie