Televisheni Yenye Kipepeo Mwekundu

Nyumbani kwa mpwa wako,
Ghorofa ya tatu.
Jumapili, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Na kitinda mimba wako, bado anakohoa? Hilo siulizi kwa adabu tu, nataka jibu. Mimi ni mzima wa mwili, ila hasira zimenikaa kooni tangu Alhamisi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, ukisikia sauti yangu imepanda, ghafla mtandao unakuwa mbaya. Barua huwezi kuikata.

Mpwa wako amejifungua salama, mtoto wa kiume, analia kama ana kesi mahakamani. Dada yake, yule wa miaka minne, ameshikwa na wazimu wa vibandiko. Kila kitu humu ndani kina kipepeo mwekundu: friji, viatu vyangu, mpaka paji la uso la baba yake.

Watu wa mtaa huu wa ughaibuni niliwapenda, sikufichi. Hawatupi kitu ovyo. Pipa la karatasi mbali, la chupa mbali, la maganda mbali. Siku ya kwanza nilitupa ganda la ndizi kwenye karatasi. Bibi wa ghorofa ya chini, mstaafu mwenye macho ya askari, akalitoa kwa vidole viwili akanionyesha kama ushahidi. Mto wao nao, unaona mpaka kokoto. Nikawa najisemea, kumbe inawezekana, shida ni sisi tu tulivyo wachafu. Hivyo ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe.

Mwezi jana wamenunua televisheni mpya. Ile mbovu, ya zamani yenye kisogo, nikasema naipeleka mwenyewe kwenye kibanda wanapokusanya vyombo vilivyoharibika. Nikaiteremsha ngazi zote, mgongo unalia. Bibi wa chini akanipigia makofi. Mhudumu wa kibanda akaniambia, "Asante mama, hii inakwenda kutumika tena." Nilirudi kifua mbele kama nimepewa nishani.

Alhamisi mkwe wangu akasahau chakula chake. Anafanya kazi kwenye uwanja wa makontena, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Nikampelekea. Nikamkuta anapakia betri za magari, kompyuta zilizopasuka, mafungu ya nyaya. Na pale juu, mdogo wangu, televisheni yetu! Kipepeo mwekundu wa mjukuu wako pembeni ya kioo.

Mlangoni pa kontena pamebandikwa karatasi: vifaa vizima, vinafanya kazi. Vizima! Na juu yake alama ya jani la kijani. Jani lile nalijua. Nikaitoa mkobani ile karatasi uliyonitumia nitie sahihi, ili yule bwana wako wa kampuni, ambaye tayari anautumia ua wetu, aukodi miaka kumi. Jani lile lile. Na bandari iliyoandikwa ni ya kwetu.

"Mama," mkwe akasema, anatazama viatu vyake, "mimi napakia tu."

Haya. Yeye anapakia tu, bwana wa jani anapokea tu, wewe unafungua geti tu. Na mimi nimebeba tu. Nilitafuta wa kumgombeza nikakosa hata pa kuanzia, maana ilibidi nianze na mikono yangu mwenyewe.

Wewe uliniambiaje? "Dada, ni stoo tu." Stoo gani inatoa moshi? Wifi amenieleza yote, na ole wako umgombeze. Wanachoma nyaya nyuma ya jiko wapate shaba. Wanapasua betri kwa nyundo, na maji yake yanamwagika hatua kumi kutoka kisima cha marehemu mama. Hatua kumi! Kisima alichokichimbisha akiwa mjane, akakataa kukitia kufuli ili majirani wachote. Mtoto wako anavuta moshi ule, anakunywa maji yenye ladha ya chuma, halafu unaniambia ni mafua. Unajitia hamnazo mpaka lini? Mto wa watu hawa uko safi kwa sababu uchafu wao umehamia kwetu, na aliyewakaribisha ni wewe.

Najua hali yako tangu kiwanda kilipofungwa. Wala sijasahau ni nani aliyemsomesha binti yangu nilipokwama. Ndiyo maana nakugombeza huku nalia. Lakini hati ya nyumba ina majina mawili, lako na langu, na sahihi yangu huipati. Karatasi yako hii hapa ndani ya bahasha, tupu kama ilivyokuja. Kuanzia leo watoto wasinywe maji ya kisima. Na huyo mdogo mpeleke hospitali apimwe damu, usingoje nirudi.

Nisalimie wifi, watoto, mama mdogo, na jirani yetu fundi cherehani, umwambie naye aache kuchota. Mungu awape pumzi nzuri nyote.

Mimi nafika tarehe ishirini na sita mwezi ujao. Kontena limeondoka Ijumaa, huenda likanitangulia. Ukiiona televisheni yenye kipepeo mwekundu, usiruhusu ipigwe nyundo. Iweke sebuleni, juu ya kiti cha mama. Nikifika tutakaa mbele yake mimi na wewe, kisha uniambie tena kwamba ni stoo tu.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako.