Obura Bado Yumo Jaani

Seme, 3 Februari 2025

Mpendwa binti yangu Akoth,

Salamu tele kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila jua linatuchoma. Wewe je, unakula vizuri? Simu yako haishiki, ndiyo maana nampa barua hii Nabangala, anayeleta dagaa wa omena huko Kampala.

Wazee wamekaa kikao. Tangu jaa la taka la huko Kampala liporomoke na kumfukia kaka yako Obura akiokota plastiki, mwili haujaonekana. Wameamua tuzike tunda la yago badala yake, kama ilivyo desturi yetu mtu asipopatikana. Njoo mwisho wa mwezi tumlilie, yaishe.

Mama yako

Bwaise, Kampala, 11 Februari 2025

Mama mpenzi,

Omena imefika, asante. Mimi mzima, usiwe na wasiwasi.

Siji. Na hilo tunda lisizikwe! Kuna kampuni imekuja kutengeneza umeme kwa gesi ya takataka zinazooza. Umeme sina ugomvi nao, hata sisi Bwaise tunautaka. Lakini ili gesi isivuje, watafunika jaa lote kwa udongo na maturubai mazito, na wakishafunika hakuna kufukua tena. Nimewaambia wachimbe kwanza pale alipofukiwa Obura. Msimamizi wao, Onen, akanijibu, "Dada, si kwenu mnazika tunda? Zikeni basi, tufanye kazi." Mkizika tu, ameshinda.

Kila asubuhi nakaa mbele ya tingatinga lao. Polisi wameniondoa, nimerudi. Wakiniondoa tena, nitarudi tena.

Binti yako, Akoth

Seme, 2 Machi 2025

Akoth mwanangu,

Hujambo? Hawajakuumiza? Mimi nimekohoa wiki nzima, sasa nafuu.

Wazee walikuja na yago limefungwa shuka nyeupe, na shimo tayari. Nikaingia shimoni, nikakaa. Nikawaambia anayetaka kulizika anizike nalo. Baba yako mdogo Oyugi akapiga kelele eti nimeharibiwa akili na watoto wa Kampala. Nikamwambia, ndiyo, na sitoki! Mimi nilizaa mtu, sikuzaa tunda. Walichoka na jua, wakaenda zao wamenuna.

Jumatatu napanda basi. Usijibu barua hii, jibu halitanikuta. Huyo Onen anisubiri. Aniambie mimi, machoni, kwamba mwanangu ameshazikwa.

Mama yenu