Samaki Kwanza, Mimi Baadaye

Tassia, 9 Februari 2025

Mjomba wangu Idarusi,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila watoto hawako sawa, Sagal ana mafua na Ilwad naye ameanza kupiga chafya. Magoti yako yanaendeleaje? Nakuandikia kwenye simu kwa sababu jana nilipokupigia nilipaza sauti mpaka majirani wakatoka kwenye milango yao, na bado hukusikia neno.

Hiyo nyumba ya Makongeni wenyewe wanaitaka mwisho wa Aprili. Mimi na mume wangu Nuradin tumekwambia uje ukae nasi, chumba kipo. Wewe ukasema samaki kwanza, wewe baadaye: hutoki hapo mpaka hao samaki wako wa manjano, wa Ziwa Nyasa, wapate tangi la kuwafaa hapa kwangu. Haya, nimekubali. Leo nimekwenda Kariobangi na nimeliona moja zuri sana la duara, refu kwenda juu, lina taa ya buluu na kasri dogo ndani. Muuzaji akaniambia, "Madam, hii ndio inabamba saa hii. Mgeni akiingia tu anajua hapa kuna watu." Nilichukue?

Mpwa wako,
Hikma

Makongeni, 9 Februari

Mwanangu Hikma,

Marahaba. Magoti yapo, masikio ndiyo hayapo. Sagal mpe tangawizi na asali, na umfunike kifua.

Hilo la duara liache hapo hapo. Samaki hawa ni wa kwenye mawe. Kila dume ana mwamba wake, na akimwona dume mwenzake karibu anamkimbiza ukuta hadi ukuta. Ukiwatia kwenye tangi lililosimama wataonana uso kwa uso kutwa nzima mpaka wauane. Wanataka tangi la kulala, futi nne kwa urefu, mawe yarundikwe mapango kwa mapango, na wawe wengi humo ndani ili mkorofi asipate mmoja wa kumwandama. Kasri mpe Sagal. Taa ya buluu mpelekee kinyozi.

Mjomba wako,
Idarusi

Tassia, 9 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na swaumu njema. Natumai futari unapika, si chai na mkate peke yake.

Nimezunguka Kariobangi na Umoja na swaumu yangu, koo limekauka kama karatasi, nikipima vioo kwa futikamba ya fundi nguo. Nimelipata la mtumba, futi nne kamili kama ulivyotaka. Nitaliweka juu ya kabati la televisheni, karibu na dirisha, wapate mwanga. Tafadhali mjomba, sema ndiyo. Nimechoka.

Mpwa wako,
Hikma

Makongeni, 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu aipokee swaumu yako. Nakula vizuri, usinipeleleze.

Ndiyo siwezi kusema. Tangi hilo likijaa lina uzito wa watu watatu wazima, na mawe ni mtu wa nne. Kabati la televisheni litabeba watu wanne? Na hapo dirishani jua la mchana litachemsha maji na kuotesha ukungu wa kijani mpaka samaki usiwaone. La mtumba nalo hujui silikoni yake, hiyo gundi ya vioo, imeshikilia miaka mingapi. Nenda kwa fundi Wakoli, ananijua, akukatie kioo kinene. Meza iwe ya chuma, isimame kwenye ukuta wenye nguzo, mbali na dirisha. Chujio usinunue sponji mpya. Nitakupa sponji yangu chafu, na usiioshe, uchafu wake ndio unaosafisha maji.

Mjomba wako,
Idarusi

Tassia, 5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Idi ilipita salama ila tulikukosa, na biriani yako ilikaa kwenye jokofu mpaka Nuradin akaimaliza.

Sasa furahi. Wakoli amemaliza kazi. Aliniuliza, "Huyu mzee wako anafuga samaki ama mamba?" Meza ya chuma imepandishwa hadi ghorofa ya tatu, mlinzi wetu Maingi akitufuata ngazi kwa ngazi akituuliza jengo likianguka ni nani atajibu. Nuradin amebeba mawe yote mgongoni, na leo amewaleta samaki wenyewe kwa ndoo kutoka kwako, kama ulivyoona. Wameingia wote. Sponji yako inanuka, lakini sikuiosha.

Chumba chako nacho nimekipaka rangi. Sema siku.

Mpwa wako,
Hikma

Tassia, 7 Aprili, asubuhi

Mjomba,

Shikamoo. Kuna tatizo. Samaki wamejificha nyuma ya mawe, wamekunja mapezi, wanahema juu juu. Wawili wamekufa. Sielewi. Nimewafanyia kila ulichosema, na zaidi. Hata yale maji ya bomba letu ya chumvi, yale ya kisima, sikuwapa. Nimewanunulia maji matamu ya mkokoteni, mitungi kwa mitungi, tena ya yule mwenye maji safi tunayomwekea mama mkwe akija.

Hikma

Makongeni, 7 Aprili

Hikma,

Nilikwambia nini siku ya Idi nilipokupigia simu? Maji ya bomba tu. Maji ya bomba lenu niliyaonja siku ya akika ya Sagal, yana chumvi na ukakasi, na samaki hawa ndiyo wanayoyataka. Hapa Makongeni maji ni laini, miaka yote nimekuwa nikiwatilia mawe ya chokaa na makombe ili yakolee. Wewe umebarikiwa nayo bombani, unakwenda kununua mengine! Anza leo kuyabadilisha, ndoo moja moja, usimwage yote kwa pamoja. Mtu anaambiwa jambo moja dogo, halisikii, na kiziwi ni mimi. Siwezi kuja kukaa mahali ambapo neno langu halisikiki.

Idarusi

Tassia, 8 Aprili

Mjomba,

Leo sikuamkii.

La duara baya. La mtumba baya. Kabati baya, dirisha baya, sasa maji matamu mabaya. Nimezunguka na swaumu, nimegombana na Maingi, Nuradin hajanyosha mgongo tangu Jumamosi. Unadhani ni kwa ajili ya samaki? Mimi samaki siwataki, mjomba. Wananitazama nikila. Niliyemtaka ni wewe. Tangu mkaza mjomba Fatu afariki unakaa peke yako katika nyumba usiyosikia hata mlango ukigongwa, nami silali vizuri.

Kama hutaki kuja, sema hutaki kuja. Usijifiche nyuma ya samaki.

Hikma

Makongeni, 24 Aprili

Mwanangu Hikma,

Assalaam alaykum. Hukuniamkia, lakini marahaba yako naiweka hapa, uichukue ukitaka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ulichosema ni kweli na nilikuwa natafuta namna ya kukikataa. Nimepata chumba Kariobangi, juu ya karakana ya masufuria. Kelele zake hazitanisumbua.

Naogopa kuja kwako. Hiyo ni nyumba ya mkwe, na mzee anayekaa kwa mkwe huwa mgeni mpaka siku ya kuzikwa. Nakumbuka nilipolala kwenu wakati nimefanyiwa upasuaji wa jicho. Watoto walikatazwa kucheka. Nuradin alikula jikoni amesimama ili mimi nikae mezani na nafasi, na wewe ulinitolea kikombe cha kabatini, kile chenye maua. Mlinitunza vizuri mno, na sikupata usingizi hata kidogo. Halafu ukawapa samaki maji ya wageni nao wakaanza kufa. Nilikasirika kuliko ilivyostahili, kwa sababu nilijiona mimi mle ndani.

Mjomba wako,
Idarusi

Tassia, 24 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Marahaba nimeichukua.

Yaani tangu Februari unanizungusha mji mzima kwa sababu ya kikombe chenye maua? Ungesema! Nimelia, nimecheka, sasa nimekasirika upya. Samaki wamepona, wanapigana asubuhi mpaka jioni, na huyo dume mkubwa ameshachukua pango zuri kuliko yote.

Sasa sikiliza, maana sikuombi tena. Hicho chumba cha Kariobangi mwambie mwenyewe atafute mtu mwingine. Hapa chumba chako kina magunia ya mchele ya duka la Nuradin, na hatuyatoi, hatuna pengine pa kuyaweka. Watoto utawapeleka madrasa wewe. Vyombo tunaosha kwa zamu, yako ni Jumanne. Nimemsomea Nuradin barua yako, akasema, "Mwambie mzee aje, mimi nimechoka kula nikiwa nimesimama."

Jumamosi anakuja na pikapu. Hatapanda kukubembeleza, atapiga honi tu. Na kwa kuwa honi huisikii, kaa nje na mizigo yako.

Mpwa wako,
Hikma

Tassia, 6 Mei

Mwanangu Hikma,

Hujambo huko dukani? Mimi sijambo, ila nimeudhika.

Kwanza, Ilwad amewatupia samaki biskuti. Nimeitoa kwa mkono na nimemgombeza, akalia, sasa tumeshapatana. Pili, mumeo ametoka na miwani yangu mfukoni, naandika haya kwa kubahatisha herufi. Tatu, leo ni Jumanne, na sufuria mliloniachia limeungua wali chini kabisa. Aliyeliunguza najua ni nani. Gunia la juu nalo limeniangukia miguuni wakati nimelala, na sikuamka, nimeliona asubuhi.

Halafu amekuja mama mmoja, Nthoki, wa mlango wa pili. Nadhani aligonga sana, maana nilipofungua alikuwa amenuna. Nikamwomba arudie maneno yake taratibu. Akauliza kama hapa ndipo kwa Hikma. Nikamwambia hapa ni kwetu, Hikma ametoka, aseme shida yake. Alikuwa anataka kitunguu. Nimempa viwili, na vilivyobaki havitoshi mchuzi, kwa hiyo ukirudi pitia sokoni.

Mjomba wako,
Idarusi