Daftari Lililonuka Dagaa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kiseke hatujambo, babu yako anakusalimu.

Unauliza kama umchape mwanao kwa kufeli hesabu. Mimi nilipofeli, nilificha daftari kwenye gunia la dagaa. Mama alilikuta akiuza sokoni Mkuyuni. Hakujua kusoma, ila kalamu nyekundu aliielewa. Jioni nikasubiri fimbo.

“Nifundishe hili,” akasema.

Nikakwama.

“Basi kesho kamuulize mwalimu, uje unifundishe.”

Ikawa hivyo kila jioni, huku tukichambua dagaa. Mwanamke yule! Hata akiwa amechoka, aliuliza mpaka aelewe.

Matokeo yalipotoka nilimkimbilia sokoni. Hakuuliza kama nimefaulu. Aliuliza, “Tumefaulu?”

Mimi bibi yako, mwanafunzi wa mama yangu.